Jogoo Hakuikwaruza Santuri

Mwaka sabini na tisa, pale Majengo, Sumbawanga, jogoo mwekundu wa Mzee Evaristi alichinjwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Alikutwa asubuhi amesimama juu ya meza, miguu yake iko juu ya santuri mpya ya mzee mwenyewe, na santuri ina mkwaruzo. Basi. Hakuulizwa, hakupewa hata nafasi ya kuwika kwa kujitetea, na saa saba mchana alikuwa mchuzi. Watu walimla na ugali wa ulezi, wakafuta midomo, na tangu siku hiyo kila anayesimulia habari za ile santuri huanza na yule jogoo.

Mtu mmoja tu alijua kwamba jogoo wa watu alionewa. Wakati huo mtu huyo alikuwa na miaka sita na msumari wa inchi tatu. Leo ana miaka hamsini na moja, ni mjane, fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na jina lake ni Kristiana.

Tuanzie kwenye wimbo, maana bila wimbo hayo mengine hayaeleweki. Mzee Evaristi, baba yake Kristiana, alikuwa dereva wa lori la mahindi mchana, na jioni alikuwa mpiga gitaa wa Mbizi Jazz, bendi ya watu watano wenye magitaa mawili, ngoma moja na ubishi mwingi. Binti yake mkubwa, Justa, alipochumbiwa na kijana wa Muze, mzee akamtungia wimbo. Safari iliyofuata ya kwenda Zambia, bendi nzima ilipanda juu ya magunia, ikavuka mpaka wa Kasesya, ikarekodi huko wimbo huo mmoja, na ikarudi na boksi la santuri hamsini. Wimbo uliitwa Kaa Kidogo. Maneno yake hayakuwa mengi: kaa kidogo, mwanangu, kaa kidogo, halafu uende, njia ya kurudi unaijua.

Zile hamsini ziliisha namna vitu vizuri vinavyoishaga. Nyingine zilikaliwa na wageni. Moja, huko Muze, ilifunikia chungu cha maharage mpaka ikajikunja. Nyingine zilining'inizwa shambani kufukuza ndege, na ndege, nasikia, walizoea. Ikabaki moja tu, ile ya Mzee Evaristi mwenyewe, yenye mkwaruzo.

Sasa huo mkwaruzo. Mzee alikuwa ametangaza mbele ya watu wote, "Justa haondoki hapa mpaka wimbo wangu upigwe wote." Watu wazima walichukulia ni maneno ya baba mwenye furaha. Kristiana alichukulia ni sheria. Justa ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyemmegea nyama. Mtoto akapiga hesabu zake: wimbo usipopigwa wote, dada haondoki. Alfajiri ya siku ya kumuaga akachukua msumari, akaburuta mara moja, akaogopa, akakimbia. Jogoo akaja kutalii baadaye.

Mchana ule uwanja ulikuwa na tope, kwa hiyo wakalaza ubao mrefu, ubavu wa lori la zamani. Meza ya gramafoni ikasimama mwisho mmoja wa ubao na bibi harusi mwisho mwingine. Wimbo ukaanza vizuri. Ulipofika "kaa kidogo" ukakwama. Kaa kidogo. Kaa kidogo. Kaa kidogo. Watu wakatazamana, wakaanza kucheka, mume mtarajiwa akaanza kuangalia saa. Justa, ambaye hasira zake zilikuwa karibu tangu utotoni, akauinua mguu na kukanyaga ubao, paa! Sindano ikaruka, wimbo ukaendelea, "halafu uende," na Justa akaenda kweli.

Kristiana aliyaona yote akiwa amejificha nyuma ya kihenge cha mahindi, msumari mkononi. Hakulia. Angelia wangekuja kumuuliza ana nini. Na Justa hakuwahi kumsamehe kwa hilo. Miaka arobaini na tano, kila wakikaa na watu, lazima aliseme. "Siku yangu walilia wote, mpaka mbwa. Huyu mdogo wangu, kavu! Hata chozi la kuazima!" Watu hucheka, Kristiana naye hucheka, halafu hutafuta kazi ya kufanya jikoni.

Kuanzia hapo ikawa mila. Hakuna kikao kilichoamua, imekuwa tu. Binti wa ukoo ule hajaagwa mpaka santuri ikwame na yeye mwenyewe akanyage ubao. Mabinti tisa wamekanyaga. Na mashangazi huhesabu, usiwaone wametulia. Anayekanyaga mara ya tatu husemwa mwaka mzima kwamba roho ilishatangulia kwa mume. Anayeiacha iimbe, huyo anawapenda kwao. Kristiana mwenyewe, siku yake, aliiacha iimbe mara ishirini na moja, marehemu mume wake Vicent amesimama pale na suti ya kuazima, jasho linamtoka kwenye baridi ya mwezi wa saba. Hakuna aliyewahi kumfikia.

Sasa ilikuwa zamu ya Precious, binti yake Kristiana, na baada yake hakukuwa na binti mwingine wa kuolewa katika ukoo. Mchumba aliitwa Tuntufye, kijana mpole wa pale halmashauri, kwao Mbeya, na uhamisho wake wa kurudi Mbeya ulikuwa umeshatoka. Kristiana hakuwa na neno na kijana. Alitaka kitu kimoja tu. Baba wa Precious hayupo, babu yake hayupo, na Precious alikuwa anakwenda mbali. Alitaka yule babu amwambie kwa sauti yake mwenyewe kwamba njia ya kurudi anaijua, na mtoto akanyage kwa mguu wake, aondoke ameagwa kama wenzake. Hicho tu.

Mama Tuntufye alikuja wiki mbili kabla ya sherehe. Alikuwa mwanamke wa mpangilio, mwenye daftari na kalamu za rangi tatu. Akanywa chai, akasifu maandazi, akazunguka wee, mwisho akafika.

"Mkwe wangu, mimi mila zenu sina neno nazo. Nazipenda. Ila pale mbele ukumbini tumeweka mapambo ya zambarau na dhahabu. Sasa lile kabati..."

"Ni gramafoni."

"Hiyo gramafoni. Pamoja na ubao wa lori. Mkwe, wageni wa kutoka Mbeya watadhani tumefika katikati ya kuhama nyumba."

Kristiana alikuwa na majibu mazuri sana, yote yalimjia siku iliyofuata akiwa kwenye cherehani. Palepale alijiona mshamba, akauonea aibu ubao wake, akatabasamu na kusema neno lililomponza.

"Hamna shida."

Flavian ndiye aliyeleta ufumbuzi. Huyu ni mtoto wa Justa, mshereheshaji maarufu wa mji, mwenye studio ndogo karibu na stendi na miwani myeusi anayoivaa hata ndani.

"Mama mdogo, hilo mbona dogo! Naihamishia kwenye flashi. Mlio ule ule, gitaa lile lile la babu, kukwama kule kule."

"Na kukwama pia?"

"Kukwama ndiyo utamu wenyewe! Mimi ni wa ukoo huu, unanichukuliaje?"

Kristiana alikwenda studio na santuri mapajani, imeviringishwa kwenye kitenge, na dereva wa bodaboda ameonywa kuhusu kila shimo la barabarani. Gramafoni ilifuata kwa bajaji. Kilichokuwa kinamtia presha zaidi ni sindano. Ilikuwa ya mwisho. Kwenye droo ya cherehani alikuwa na sindano za kila namba, za jinzi, za hariri, za ngozi, na hakuna hata moja ambayo gramafoni ingeikubali. Aliulizia mjini kote, akaagiza kwa wafanyabiashara wa Kasesya wakaulizie ng'ambo. Walimletea betri.

Wimbo ulipokwama, Flavian aliuacha, akawa anahesabu kwa vidole. Ilipofika mara kumi na mbili akagonga meza taratibu na wimbo ukaendelea.

"Kumi na mbili. Si haba, au unasemaje?"

Kristiana alihisi kitu kinamchoma lakini hakujua ni nini. "Na Precious akikanyaga?"

"Akanyage tu. Watu watashangilia."

Akampa flashi aishike. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Sauti ya baba yake yote, na gitaa lake, vimeingia kwenye kitu ambacho kuku angeweza kukidonoa na kukimeza. Kristiana akairudisha haraka, maana habari za kuku na wimbo ule hakupenda kuziwaza.

Siku ya sherehe, saa tisa alasiri, ukumbi ulikuwa umejaa. Zambarau na dhahabu zilining'inia kila mahali. Lazima tuseme ukweli, palipendeza. Upande mmoja walikaa watu wa Mbeya na masuti yao, upande mwingine watu wa Ufipa na masweta juu ya vitenge, maana upepo wa pale kwetu haujali sherehe ya mtu. Precious aliingia na gauni la rangi ya machungwa aliloshonewa na mama yake, na viatu vyenye kisigino kirefu alivyonunua mwenyewe. Kristiana alikaa meza ya mbele. Chini ya meza, katikati ya miguu yake, kulikuwa na mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba, kwenye kitenge, kulikuwa na santuri. Kwa nini aliibeba? Hata yeye hakujua. Alishindwa tu kuiacha nyumbani peke yake siku kama ile.

"Mashangazi mpooo?" Flavian akaunguruma kwenye maiki. "Haya, babu anakuja!"

Spika kubwa zikatoa gitaa la Mzee Evaristi, kubwa, safi, mpaka glasi zikatetemeka. Kristiana moyo ukamruka. Kwa kweli lilikuwa lenyewe. Akajisemea, kumbe nilikuwa najisumbua bure.

Kaa kidogo, mwanangu. Kaa kidogo. Kaa kidogo. Kaa kidogo.

Vigelegele! Mashangazi wakainua vidole na kuanza kuhesabu. Precious akatabasamu, akaiacha iimbe mara nne, tano, sita, akamtazama mama yake, akainua mguu, akakanyaga.

Kaa kidogo, ikasema spika.

Precious akashangaa. Akakanyaga tena.

Kaa kidogo.

"Kanyaga kwa nguvu, mtoto!" Justa akapiga kelele kutoka meza ya mashangazi. "Kwani asubuhi umekula nini?"

Precious akajikaza kisabuni, akauinua mguu mpaka gotini, akaushusha kwa nguvu zake zote. Kah! Kisigino kikavunjika, kikaruka na kwenda kutua kwenye sahani ya mjomba mmoja wa Mbeya.

Kaa kidogo, ikasema spika, bila wasiwasi wowote.

Nyuma ya mitambo yake Flavian alikuwa amevua miwani. Akawa anamwonyesha Precious vidole: bado mbili, subiri, bado moja. Nani amwone? Mama Tuntufye ndiye aliyeona kwamba mkwe wake mtoto anayumba kwa kiatu kimoja, na kwa kuwa ana moyo mzuri, akanyanyuka na kwenda kumshika. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wake na viatu imara. Akaweka mguu pale mbele, du! Na palepale mara ya kumi na mbili ikaisha.

"Halafu uende," akaimba Mzee Evaristi, "njia ya kurudi unaijua."

Justa akasimama, akaenda mpaka kwa Flavian, akamnyang'anya mtoto wake maiki.

"Jamani. Naomba kuuliza. Aliyekanyaga ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Mama Tuntufye, ambaye bado alikuwa ameshika kiwiko cha Precious.

"Basi ndugu zangu, tumemuaga mkwe. Mama Tuntufye, uende salama, usitusahau, ukifika utupigie simu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Masuti ya Mbeya nayo yalicheka, ingawa hayakujua yanacheka nini. Mama Tuntufye mwenyewe akauliza, "Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?" Flavian akajificha nyuma ya spika.

Mmoja tu hakucheka. Precious alisimama na kiatu mkononi, mguu mmoja chini mmoja juu, akamtazama mama yake, na akasema kwa sauti ambayo Kristiana aliisikia ndani ya kicheko chote kile.

"Mama, mimi sijaagwa."

Kristiana akanyanyuka. Aibu zote alizokuwa nazo wiki mbili zile, za ubao, za kabati, za kuonekana mshamba, sijui zilikwenda wapi.

"Flavian! Toka huko nyuma. Hiyo flashi yako haisikii mguu."

"Mama mdogo, ila mlio..."

"Mlio nimeusikia. Nakuambia haisikii mguu. Mtoto amekanyaga mara tatu, kiatu kimekufa, yenyewe inaendelea na mambo yake. Baba angemsikia." Akamgeukia mkwe wake. "Mama Tuntufye, siku ile nilikuambia hamna shida. Nisamehe. Shida ipo."

Akainama, akatoa mkoba, akafungua kitenge, akaishika santuri kwa kingo, viganja viwili. Mashangazi waliitambua wote kwa pamoja, wakapiga kelele. Kristiana akatoa ufunguo wa nyumba na kumpa Rafaeli, bodaboda wa mtaani kwake, ambaye alikuwa amealikwa na alikuwa anakula.

"Gramafoni iko chumbani, ifunge kwa blanketi. Ubao uko nyuma ya mlango wa uani."

"Ubao wote?" Rafaeli akauliza.

"Ulikuwa unataka nusu?"

Alikwenda na mwenzake, na nusu saa baadaye walirudi, Rafaeli na gramafoni imefungwa mgongoni kwa blanketi kama mtoto, mwenzake nyuma na ubao umelala mkingamo juu ya siti, umeziba barabara yote. Waliingia nao ukumbini kupitia mlango wa mbele, katikati ya zambarau na dhahabu. Mjomba yule wa Mbeya, mwenye sahani ya kisigino, aliutazama ubao ule wa kale, akamtazama mwanamke aliyeshika kile kisahani cheusi, akamnong'oneza jirani yake, "Hapa ni Sumbawanga. Usiulize. Wewe kaa tu."

"Tuuweke wapi?" Rafaeli akahema.

Kristiana kabla hajajibu, Mama Tuntufye alishasimama. "Mbele kabisa! Sogezeni hayo maua. Hapana, yote, yaondoeni. Mimi nimeshaagwa, nina haki ya kusema." Na akayaondoa mengine kwa mikono yake.

Gramafoni ilikuwa na spika yake ndogo ya zamani, na mlio wake haukufika meza ya tatu. Kwa hiyo watu wakaburuta viti. Watu wa Mbeya na watu wa Ufipa wakasogea wote mbele, wakajikusanya kuizunguka meza, magoti kwa magoti, na ukumbi ule mkubwa ukabaki mtupu nyuma yao. Precious akasimama kwenye mwisho wa ubao, miguu mitupu. Kristiana akapuliza vumbi, akainua mkono wa gramafoni. Sindano ikikatika sasa, basi. Akaishusha.

Kwanza mlio kama wa bisi zinazopasuka. Halafu gitaa, dogo, la pale karibu, likitoka kwenye kitu kile kile kilichovuka Kasesya juu ya magunia. Halafu sauti ya mzee.

Kaa kidogo, mwanangu. Kaa kidogo. Kaa kidogo.

Ikakwama. Vidole vya mashangazi vikaanza kazi. Tano. Nane. Kumi na mbili, na Flavian akajikunyata, lakini ikaendelea, maana safari hii hapakuwa na wa kuikatiza. Precious akauinua mguu. Akauacha hewani. Kumi na sita. Tuntufye, kama mabwana wote waliomtangulia pale, akaanza kutokwa na jasho. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja!

"Amemfikia mama yake!" shangazi mmoja akanong'ona.

Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Kristiana ndipo akamtazama mtoto usoni, akaona kwamba hapo hapakuwa na mashindano yoyote. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mguu unatetemeka, na haushuki.

"Mama, siwezi," Precious akasema. "Nikikanyaga utabaki na nani?"

Na sindano nayo, masikini, ilikuwa inachoka. Kila mzunguko sauti ya mzee ilikuwa inazidi kuwa nyembamba.

Kristiana akapanda kwenye ubao. Alikuwa amejiandaa kusema maneno ya kimama, kwamba asijali, kwamba atakuwa salama, uongo wa kawaida. Badala yake likatoka lile lingine.

"Precious, jogoo hakuikwaruza hii santuri."

"Nini?"

"Ni mimi. Kwa msumari." Alisema kwa sauti ya chini, lakini kwa ukimya uliokuwepo hata wapishi walisikia. "Nilikuwa na miaka sita. Nilijua wimbo usipoisha dada yangu Justa haondoki. Nikaukwamisha. Na akakanyaga, akaenda, nikabaki nyuma ya kihenge, nikaona dunia imeisha. Sasa hebu mtazame yule pale. Si alirudi? Amerudi mara ngapi? Amerudi mpaka sukari ndani ya nyumba haikai!"

Precious akacheka huku analia, na kamasi juu.

"Mimi ndiye niliyeikwamisha," Kristiana akasema. "Huo mguu ni mzito kwa sababu na wangu umo. Lete mkono."

Akavua viatu. Wakashikana mikono, mama na binti, wakainua miguu pamoja, na Kristiana, aliyeukwamisha wimbo ule miaka arobaini na tano nyuma, akakanyaga.

Paa!

"Halafu uende," akasema Mzee Evaristi, "njia ya kurudi unaijua." Gitaa likafuata, lote, mpaka mwisho, na Precious akatembea juu ya ubao hadi upande wa pili, ambako Mama Tuntufye alikuwa ameshafungua mikono na yeye analia kuliko wenye mtoto. Kristiana akaenda kuinua sindano. Akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imelika, butu kabisa. Akaiviringisha santuri kwenye kitenge taratibu.

Alipogeuka, Justa alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Msumari," akasema Justa.

"Nisamehe, dada."

"Kristiana, nilikula paja la yule jogoo. Paja lote! Nikasema, mjinga wewe, umeniharibia siku. Nikala paja la mtu asiye na hatia!"

Watu wakaangua kicheko. Justa hakucheka. Alikuwa anamkodolea macho mdogo wake, na midomo ikaanza kumcheza, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema.

"Miaka yote hii nawaambia watu hukunililia," akasema. Akamvuta Kristiana, akamkumbatia na kitenge chake na santuri yake. "Kumbe ulinililia kwa msumari."